Bati: kutoka nyasi hadi msauzi

Bati la migongo lilibuniwa Uingereza. Lilisajiliwa London mwaka 1829. Wazee wetu hapa Njombe waliezeka kwa nyasi, na cheche moja ya jikoni iliweza kumaliza nyumba. Mwaka 1976 reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi, Makambako ikiwa na stesheni yake, na mizigo mizito ikapata njia. Leo unachagua msauzi wa rangi unayotaka.

Kitu kimoja hakijabadilika: namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 32 ni jembamba kuliko 30. 28 ni nene zaidi. Jembamba hubonyea fundi akilikanyaga. Usinunue rangi. Uliza geji, soma maandishi kwenye bati, ndipo ulipe. Fedha ya viazi ni ya msimu. Paa ni la miaka.