Kidonge cha Manjano na Shujaa wa Kubuni

Rafiki yangu mchoraji ana shujaa. Amekuwa akimchora tangu mwaka jana: mwanamume mrefu wa Ungoni, sare ya kaki iliyochanika, na begani nembo ya kichwa cha kifaru. Anatembea siku saba bila kulala, homa haimpati, na akianguka anainuka kama mtu aliyejikwaa tu. Kilichokosekana ni kitu kimoja, nacho akaniletea mimi kwa kuwa nasoma shahada ya uzamili ya historia na, kwa maneno yake, "ninyi ndio mnajua mambo ya zamani." Alitaka aya tatu za kueleza nguvu hizo zilitoka wapi. Masharti yalikuwa mawili: zitoke katika Vita Kuu ya Pili, na msomaji aziamini.

Aya hizo tatu zimenichukua miezi minne.

Kwanza nilijiuliza kwa nini anazihitaji. Fumo Liyongo hakuzihitaji. Katika masimulizi ya pwani, mwili wake haudhuriki ila kwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na hakuna anayesimama katikati ya kisa kuuliza mwili wa namna hiyo ulipatikanaje. Tunaambiwa udhaifu wake kwa sababu ndio utakaomuua, tena kwa mkono wa mwanawe. Asili ya nguvu haina kazi katika kisa hicho, basi haimo. Shujaa wa katuni hapewi ruhusa hiyo. Msomaji wake amesoma biolojia shuleni, ana intaneti mfukoni, na anataka mwaka, mahali na jina la dawa.

Nikitamka neno dawa, najua msomaji wa kwetu ameshafika Ngarambe. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale aligawa maji ya kuzigeuza risasi za Wajerumani ziwe maji. Asili hiyo ya nguvu ina mwaka, ina mahali, ina namna ya kutumiwa. Rafiki yangu aliitaja kabla sijaketi. Nilimkatalia. Songea kuna makumbusho na kaburi la pamoja la waliotundikwa Februari 1906, na wajukuu wa watu hao ndio watakaonunua kitabu chake. Kuwaambia kwamba maji yalifanya kazi, ila kwa mtu mmoja tu mwenye misuli mizuri, ni ukatili ambao sikutaka jina langu likae chini yake.

Kwa hiyo tukaenda kwa jirani aliyelizoea jambo hili, Captain America. Toleo lake la kwanza liliingia sokoni mwishoni mwa 1940, ingawa jalada lilisomeka Machi 1941, na kwenye jalada hilo anamtandika Hitler ngumi ya taya. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Ingeingia Desemba 1941. Waliomtunga, Joe Simon na Jack Kirby, walikuwa watoto wa familia za Kiyahudi, na hawakuwa na subira ya kumngoja Rais aamue. Asili waliyompa ni fupi ajabu. Kijana dhaifu, Steve Rogers, anakataliwa na jeshi. Anajitolea kwa jaribio la siri. Mwanasayansi anamdunga dawa, mwili unajaa palepale, kisha jasusi wa Kinazi anampiga mwanasayansi risasi na fomula inakufa naye.

Nimeisoma mara nyingi kama fundi anavyofungua redio ya mwenzake. Maelezo ya kikemia ni hafifu, karibu hayapo. Kinachotufanya tuamini ni mambo ya pembeni: mhusika alikubali mwenyewe, serikali ilificha, na kifo cha yule mwanasayansi kinajibu swali ambalo kila mtoto angeliuliza, yaani kwa nini jeshi zima halikudungwa. Dawa nayo inabaki mwilini. Hakuna anayemdai Steve Rogers airudishe. Hili la mwisho sikulipa uzito siku zile.

Nikaanza kutafuta dawa ya kweli. Ya kwanza ilijileta yenyewe. Mwaka 1938 kampuni ya Temmler ya Berlin iliingiza sokoni vidonge vya Pervitin, yaani methamfetamini, na kati ya Aprili na Julai 1940 jeshi la Ujerumani lilipelekewa zaidi ya vidonge milioni 35 vya Pervitin na cha jamii yake, wakati vifaru vyao vikiivuka Ufaransa kana kwamba madereva hawajui usiku ni nini. Waingereza na Wamarekani walikuwa na Benzedrine yao. Rafiki yangu alifurahi. Siku saba bila kulala zilikuwa zimepatikana. Lakini nguvu hizo ni za mkopo, na riba yake ni mbaya. Mtu anakesha siku mbili, tatu, kisha mwili unadai chote kwa mpigo. Wengine moyo ulisimama, wengine hawakuweza tena kuamka bila kidonge. Mwaka 1941 Wajerumani wenyewe waliiweka chini ya sheria ya dawa za kulevya. Shujaa wa Pervitin ni mgonjwa ukurasa wa nne.

Ya pili niliiacha kwa sababu nyingine. Kuanzia miaka ya 1930, wanasayansi wa Uingereza kutoka Porton Down waliwaingiza mamia ya askari wa Kihindi katika vyumba vya gesi ya haradali huko Rawalpindi, ili kupima ngozi zao zinaungua kiasi gani. Kwa mtunzi wa katuni hiyo ni zawadi: maabara ya siri, wakoloni, moshi. Wamarekani wenyewe wamewahi kuigeukia upande huo. Mwaka 2003 Robert Morales na Kyle Baker walitoa kisa cha Isaiah Bradley, askari mweusi ambaye dawa ya Captain America ilijaribiwa kwake na kwa wenzake weusi, wengi wakafa. Kila msomaji wa Marekani aliiona Tuskegee nyuma yake, ambako wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba tangu 1932 hadi 1972 ili ugonjwa utazamwe. Kisa hicho kinasimama kwa sababu hakifichi gharama. Lakini kuchukua ngozi ya askari wa Rawalpindi, iliyotoka malengelenge, na kuifanya chanzo cha misuli ya mtu wa kubuni, hapana. Kama gesi haikumpa mtu yeyote kitu, nami sitaifanya itoe.

Nilihitaji dawa iliyotoa kitu kweli. Na hapa inabidi nieleze kwa nini shujaa ni wa Ungoni.

Baba yake bibi yangu mzaa mama alikuwa Keya, kama wazee walivyoiita King's African Rifles, na alikwenda Burma. Rafiki yangu alikisikia kisa chake sebuleni kwa bibi, akaanza kuchora siku ileile. Kisa chenyewe ni kifupi. Bibi, aliyezaliwa baada ya vita, anasema: "Mjukuu wangu, baba alituambia Burma hakuugua homa hata siku moja. Wenzake walikuwa manjano viganja na macho, na yeye hivyohivyo, kama mtu aliyenawa bizari. Lakini homa hakuna. Aliporudi nyumbani ndipo ikamdai. Alilala masika yote." Nyumbani kwetu jambo hilo lilielezwa kwa namna mbili: wajomba walisema alipata dawa kwa watu wa huko msituni, na bibi mdogo alisema ni maombi.

Rangi ya bizari ndiyo iliyonipeleka maktaba. Java ilikuwa inatoa karibu asilimia 90 ya kwinini ya dunia, na Machi 1942 Java ilianguka mikononi mwa Wajapani. Majeshi yaliyokuwa yakielekea kwenye misitu yenye malaria kuliko yote yakajikuta hayana dawa ya malaria. Wakaifufua nyingine, mepakrini, ambayo kwa jina la kibiashara iliitwa Atebrin. Ni chungu, inatapisha wengine, na inabadilisha ngozi kuwa manjano. Na ilikuwa imetoka wapi? Maabara za Kijerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Nilicheka peke yangu kwenye meza ya maktaba. Simon na Kirby walibuni profesa mmoja na chupa moja. Historia ilikuwa na kiwanda kizima cha adui ambacho dawa yake ilinakiliwa na kugawiwa kwa mamilioni ya askari waliokuwa wakipigana na Ujerumani na Japani. Askari wa Tanganyika, ambaye wazazi wake huenda waliikimbia bunduki ya Mjerumani wakati wa Majimaji, alikuwa akimeza kila siku kitu kilichoanzia kwa Wajerumani.

Jaribio la siri nalo lilikuwapo, na halihitaji kutiwa chumvi. Kuanzia 1943, huko Cairns nchini Australia, kikosi cha utafiti cha Neil Hamilton Fairley kiliwachukua askari wa kujitolea, kikawaumisha na mbu wenye vimelea, kikawapa mepakrini, kisha kikajaribu kuivunja kinga hiyo kwa kila taabu ambayo vita ingeweza kuleta: safari ndefu za miguu, kukata magogo, chumba cha baridi kali, sindano za adrenalini. Miligramu 100 kwa siku zilitosha. Mtu alitembea, akachoka, akalala, na malaria iliyokuwa damuni mwake haikuinuka. Rafiki yangu aliposoma hapo alinyamaza, halafu akaniambia nimletee picha za chumba cha baridi.

Halafu Burma yenyewe. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo nembo yake ilikuwa kichwa cha kifaru, ilisukumwa katika Bonde la Kabaw katikati ya mvua za 1944, kutoka Tamu hadi Kalemyo, na Desemba ikavuka mto Chindwin. Bonde hilo lilijulikana kwa malaria na tifasi kabla ya kujulikana kwa vita. Chakula kilidondoshwa kwa ndege, maana barabara zilikuwa tope. Jenerali Slim, aliyeliongoza Jeshi la 14, aliandika baadaye kwamba mwaka 1943 kwa kila askari mmoja aliyeondolewa kwa majeraha, 120 waliondolewa kwa magonjwa. Alipambana na hilo kwa kidonge na kwa amri. Alituma watu wapime vikosi kwa ghafla kama vimemeza, na makamanda watatu walipoteza nafasi zao kabla wengine hawajaelewa kwamba hatanii. Askari walikuwa na sababu za kutotaka: uvumi ulienea kwamba kidonge kinamaliza nguvu za kiume. Napenda sana jambo hili. Dawa yetu ya ushujaa, wenyewe mashujaa waliiogopa kwamba itawaondolea uanaume.

Kwa hiyo asili ikawa imepatikana, na inaaminika kuliko ya Captain America. Tatizo ni kwamba nilipoifuatilia hadi mwisho, ilimnyang'anya shujaa nguvu zake.

Mepakrini humezwa leo kwa ajili ya leo. Ukiacha, kilichozuiwa huinuka. Kinga ambayo mtu wa kwetu hujijengea tangu utotoni kwa kuugua mara kwa mara nayo hupungua akikaa muda mrefu bila maambukizi. Babu yetu alirudi Ungoni bila kidonge na, yawezekana kabisa, bila sehemu ya kinga aliyoondoka nayo. Hakuna wa msituni, na maombi siyasemi. Jeshi lilimhitaji akiwa mzima Kabaw. Songea hakuna aliyepita kupima kama amemeza. Hata kiinua mgongo kilipangwa kwa rangi, na Mwafrika hakulipwa sawa na mzungu aliyepigana vita ileile. Nguvu zile zilikuwa halisi, na zilikuwa zake kadiri bunduki ilivyokuwa yake.

Nilimwandikia rafiki yangu hivyo. Akanipigia simu usiku: "Shujaa gani anaishiwa nguvu ukurasa wa sita? Nani ataninunulia toleo la pili?" Tulibishana wiki mbili. Yeye anataka nguvu zibaki. Mimi nilitaka homa ya babu ibaki, kwa sababu ndiyo sehemu ya kisa ambayo bibi huisimulia polepole. Hatimaye tumekubaliana jambo ambalo kila mmoja anadhani ameshinda. Wenzake wote wa kikosi wanarudi na kuugua, kila mmoja kijijini kwake, na kitabu kinawafuata mmoja mmoja kabla hakijamrudia yeye. Kwake peke yake dawa imegoma kutoka. Hatuelezi kwa nini. Hapo tumemwachia Liyongo. Kuanzia toleo la pili jeshi litamtafuta, si kwa kosa lolote, bali kwa sababu ameondoka na mali yake.

Ukurasa wa sita sasa ni kambi ya kuwaachilia askari, 1946. Karani ameketi nyuma ya meza na orodha. Bunduki 1, amerudisha. Chandarua 1, amerudisha. Kofia 1, mkebe wa chakula 1, mkanda 1. Karani anaweka alama moja moja, hamtazami mtu usoni. Anamwambia aweke kidole gumba chini ya karatasi, kwenye wino. Kiganja kinafunguka juu ya meza, na kina rangi ya bizari. Rafiki yangu ameniuliza karani aseme nini hapo. Nimemwambia amchore akipekua orodha upya kutoka juu.