Nguruwe, Simba na Dungu

Miaka niliyofundisha historia katika chuo cha ualimu, wanafunzi wangu walizijua vita nyingi kwa tarehe zake. Vita ya mkulima wa Rufiji na nguruwe pori haikuwamo katika muhtasari, ingawa hupiganwa kila msimu, tena usiku.

Ngome ya vita hiyo ni dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo shambani, ambamo mlinzi hukesha akipiga debe na kupaza sauti. Zamani kaya nyingi ziliishi bondeni karibu na mashamba, na mlinzi aliyeita alisikiwa na jirani. Baada ya mafuriko ya 1968, Operesheni Rufiji ilianza kuwahamishia watu kwenye vijiji vya nyanda za juu. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati, usalama. Lakini mashamba mengi yalibaki bondeni, na mlinzi akabaki peke yake.

Wakazi wengi wa huko ni Waislamu. Nguruwe hawamli, humwinda kwa ajili ya kuokoa mazao tu. Simba, yeye humla. Humfuata shambani usiku, na huko humkuta mwanadamu. Watafiti walioandika mwaka 2005 walihesabu Watanzania zaidi ya 563 waliouawa na simba tangu 1990, na wengine wasiopungua 308 waliojeruhiwa. Hatari ilizidi wakati wa mavuno, tena katika wilaya zenye nguruwe wengi na mawindo mengine haba. Kwa hiyo, ndugu msomaji, anayepunguza nguruwe shambani haokoi mahindi na mpunga peke yake.

Kijana anayetaka kuanza uwindaji huo na aanzie kwa Afisa Wanyamapori, kwani Sheria ya 1974, na ile ya 2009 iliyochukua nafasi yake, haziachi bunduki na mawindo mikononi mwa kila mtu. Kisha aujue upepo: umpige usoni, maana nguruwe hunusa kuliko anavyoona. Kisha aujue mwezi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba simba hushambulia watu zaidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu, kwa kuwa mwezi huchelewa kuchomoza na jioni huwa giza.

La mwisho ndilo kubwa: asiende peke yake. Historia ya dungu yatufundisha kwamba kinga ya mlinzi ilikuwa jirani kabla ya kuwa bunduki. Kijiji kinachopanga zamu za ulinzi kinamrudishia jirani huyo.