Reli Ilitupita, Maduka Yakabaki

Wasee wa Masaku, cheki yale majengo ya zamani ya maduka hapa town. Baraza mbele, duka katikati, nyuma vyumba vya familia ya mwenye duka. Wahindi walijenga hivyo karibu kila mji wa zamani Kenya. Leo duka moja kama hilo linakatwa vipande: fundi wa simu, dada wa kucha, kinyozi, mitumba, M-Pesa mlangoni. Watu wanasema vijana wameyafufua. Ni ukweli, lakini si mara ya kwanza.

Kabla Nairobi iwe mji, Waingereza walikuwa na ofisi yao hapa. Jina walilitoa kwa Masaku, mzee wa Wakamba, wakalipinda likawa Machakos. John Ainsworth alitawala kutoka hapa miaka ya 1890. Halafu reli ikapitia mbuga za Athi, ikafika Nairobi Mei 1899. Mwaka huohuo Ainsworth akahamisha ofisi kuifuata. Machakos ingekufa hapo. Haikufa, kwa sababu watu bado walihitaji mahali pa kuuza na kununua.

Pigo lingine likaja 1967. Sheria mpya ya leseni ikawabana wafanyabiashara wasio raia: mahali pa kuuzia na bidhaa za kuuza. Wahindi wengi wenye paspoti za Uingereza wakafunga, na mapema 1968 wakawa wanakimbilia ndege. Kote nchini maduka yakapata wenyewe wapya, Waafrika.

Unaona mtindo? Serikali huhama, mwenye jengo hubadilika, lakini anayefungua mlango asubuhi ndiye huweka mji hai. Na huyo ndiye hufukuzwa kwanza. Unalipa gudwili ndiyo upewe kachumba, unatafuta wateja mwaka mzima, jengo linaanza kuwa na jina. Kisha landlodi anakuja: kodi imepanda, hutaki, toka mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo historia inakusaidia. Tangu 1965 Kenya ina sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli, Cap. 301, na duka kwake ni pamoja na mahali pa kuuza huduma, kama saluni. Kama hamkuandikishana, au mkataba wenu ulioandikwa hauzidi miaka 5, landlodi hawezi kukutoa wala kupandisha kodi kwa mdomo tu. Lazima akupe notisi ya maandishi, kwa fomu ya sheria, angalau miezi 2 kabla. Una mwezi 1 wa kumjibu kwa maandishi kama unakubali. Ukikataa, peleka kesi kwa tribunali ya kodi za biashara kabla siku ya notisi ifike.

Kwa hivyo weka risiti. Weka meseji za M-Pesa za kodi. Kupaka ukuta rangi na kuposti picha ni poa, lakini ukitupwa nje, rangi inabaki kwa landlodi. Mji huu ulibaki hai kwa sababu ya wenye maduka. Sasa ni zamu yetu, na tusitolewe kimyakimya.