Uwanja wa Kurukshetra: Fumbo la Moyo au Amri ya Upanga?

Wahenga walinena: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Methali hii yachukulia kwamba kila fumbo lina jibu moja, na kwamba jibu hilo humngoja mwenye akili. Lakini yako mafumbo ambayo werevu wawili huyafumbua kwa njia mbili zinazopingana, mmoja akaiweka silaha chini na mwenziwe akaishika, na kila mmoja akaapa kwamba kitabu ndicho kilichomwelekeza. Fumbo la namna hiyo ndilo ninalokusudia kulieleza leo: kisa cha uwanja wa Kurukshetra katika Mahabharata, utenzi mkuu wa Wahindi.

Kwa mapokeo, Mahabharata huhesabiwa kuwa na beti 100,000 katika vitabu 18. Kiini chake ni ugomvi wa ukoo mmoja kuhusu ufalme. Upande mmoja wamo Pandava, ndugu watano. Upande wa pili wamo Kaurava, binamu zao 100, wana wa mfalme kipofu Dhritarashtra. Baada ya hila ya mchezo wa dadu, uhamisho wa miaka 13 na ujumbe wa suluhu uliokataliwa, majeshi mawili yakakutana Kurukshetra, kaskazini mwa Delhi ya leo. Kabla ya vita kuanza, Arjuna, mpiga upinde hodari wa Pandava, alimwomba saisi wake alisimamishe gari katikati ya majeshi. Akatazama. Ng'ambo alimwona babu yake Bhishma, aliyempakata utotoni. Akamwona Drona, mwalimu aliyemfundisha kuushika upinde. Akawaona binamu, wajomba na marafiki. Mikono ikamlegea, upinde ukamponyoka, akaketi garini akisema hatapigana.

Saisi huyo alikuwa Krishna, ambaye kwa imani ya wafuasi wake ni Mungu aliyeshuka katika umbo la mwanadamu. Mazungumzo yao, yenye sura 18 na beti 700, ndiyo Bhagavad Gita, nayo imo ndani ya kitabu cha sita cha Mahabharata. Krishna alimfundisha Arjuna kuhusu nafsi isiyokufa, kuhusu kutenda bila kuyatamani matunda ya tendo, na kuhusu mapenzi kwa Mungu. Mafundisho yalipokwisha, Arjuna akainuka akapigana.

Hapo ndipo penye mwiba. Kitabu ambacho watu wengi mno hukisoma ili wapate utulivu kimewekwa kinywani mwa saisi anayemhimiza askari akawaue jamaa zake. Msomaji mwenye moyo wa huruma akifikaje hapo, apite vipi?

Zimo dalili ndani ya maandishi yenyewe kwamba uwanja huu si wa udongo peke yake. Ubeti wa kwanza kabisa wauita kwa majina mawili: uwanja wa Kuru na uwanja wa dharma. Dharma ni neno lisilo na mwenzake kamili katika Kiswahili. Ndani yake mna wajibu, mna haki, na mna utaratibu unaoushikilia ulimwengu usiporomoke. Kisha, katika sura ya 13, Krishna analirudia neno lile lile, kshetra, yaani uwanja au konde, akieleza kwamba uwanja ni mwili huu wa mwanadamu, na kwamba aujuaye uwanja ndiye akaaye ndani yake. Wapenzi wa ushairi hawatashindwa kuliona tendo hili: neno lililopandwa mlangoni linakuja kuvunwa ndani ya nyumba.

Dalili ya pili iko katika Katha Upanishad, andiko linalodhaniwa kuitangulia Gita. Humo kijana Nachiketas anafika nyumbani kwa Yama, mfalme wa mauti. Anaahidiwa mali, anakataa. Anaahidiwa umri mrefu, anakataa. Anataka tu kujua kinachobaki mtu anapokufa. Yama anampa mfano wa gari. Mwili ni gari lenyewe, nafsi ni bwana aliyepanda, utambuzi ni saisi, fikra ni hatamu, na hisi ni farasi. Farasi wasiofundishwa humtupa bwana wao njiani. Waliofundishwa humfikisha mwisho wa safari. Aujuaye mfano huu hawezi tena kuliona gari la Arjuna kama mbao na magurudumu matupu. Bwana aliyepanda amechanganyikiwa, na saisi ndiye anayesema.

Wafafanuzi wa kale walizifuata dalili hizi kwa viwango mbalimbali. Shankara, anayewekwa kwa kawaida katika karne ya 8, aliipita sura ya kwanza yenye majina ya mashujaa na milio ya baragumu, akaanza ufafanuzi wake hasa katika sura ya pili, pale mafundisho kuhusu nafsi yanapoanza. Abhinavagupta wa Kashmir, aliyeishi katika karne ya 10 na ya 11, alieleza jinsi ugomvi wa Pandava na Kaurava unavyoweza kusomwa kama ugomvi wa ujuzi na ujinga. Naye Jnaneshwar, kijana mshairi wa Maharashtra, aliifafanua Gita nzima mwaka 1290 kwa beti za Kimarathi. Jambo hilo lilikuwa zito. Elimu iliyokuwa imefungiwa katika Kisanskriti, lugha ya wachache, ilitolewa uani ikazungumzwa kwa lugha ya jikoni na sokoni, na fumbo likawa mali ya kila mwenye sikio.

Lakini wazee hao hawakubanwa na swali kama walivyobanwa watu wa zama za ukoloni. Mwaka 1785 Charles Wilkins alichapisha London tafsiri ya kwanza ya Gita kwa Kiingereza. Miaka 100 baadaye, mwaka 1885, Edwin Arnold akatoa tafsiri yake ya kishairi. Ni tafsiri hiyo ya Arnold ambayo mwanafunzi mmoja wa sheria kutoka Gujarat aliisoma London mnamo 1889, akiona haya kwamba hakuwa amekisoma kitabu hicho kwa lugha yoyote ya kwao. Jina lake Mohandas Gandhi, yule ambaye mwaka 1893, akielekea Natal, meli yake ingetia nanga Lamu, Mombasa na Unguja.

Wakati huo huo, Gita ilikuwa ikisomwa India kwa macho mengine. Bal Gangadhar Tilak, mwanasiasa na mhariri wa gazeti la Kesari, alihukumiwa kwa uchochezi mwaka 1908 akapelekwa gerezani Mandalay, nchini Burma. Humo, katika majira ya baridi ya 1910 hadi 1911, aliandika kwa penseli kitabu kikubwa kuhusu Gita, Gita Rahasya, kilichochapishwa mwaka 1915. Hoja yake ilikuwa kwamba Gita si kitabu cha kujitenga na ulimwengu bali ni kitabu cha kutenda, na kwamba mtu asiye na tamaa ya nafsi yake aweza kutenda hata yaliyo makali kwa ajili ya haki. Huko Bengal, vijana wa vyama vya siri walikula kiapo mbele ya kitabu hicho hicho. Kwao Kurukshetra haikuwa fumbo hata kidogo. Ilikuwa nchi yao, na Kaurava walikuwa na sare za Mwingereza.

Gandhi alishika njia nyingine. Mwaka 1926, katika makazi yake ya Sabarmati, aliwafundisha wenzake Gita kwa miezi kadhaa. Tafsiri yake ya Kigujarati, Anasakti Yoga, ilitoka tarehe 12 Machi 1930, siku ile ile alipoanza kutembea kuelekea baharini Dandi kuivunja sheria ya chumvi. Alishikilia kwamba tangu alipoisoma mara ya kwanza aliona kuwa vita vile ni vya ndani ya moyo: Duryodhana na nduguze ni misukumo miovu, Arjuna ni misukumo myema, na Krishna ni yule akaaye ndani akitushauri. Hata hivyo hakujifanya kwamba maneno ya kitabu yanamlazimisha kila mtu kukubali. Alikiri kuwa, yakishikwa neno kwa neno, yaweza kupatana na vita. Hoja yake ya mwisho ilikuwa maisha yake: baada ya miaka 40 ya kujaribu kuyatenda mafundisho hayo, alisema, aliona kwamba mtu hawezi kuitupa tamaa kikamilifu huku mkono wake ukimwaga damu.

Si kila mtu aliridhika. Aurobindo, aliyewahi kuisoma Gita akiwa mahabusu wa Waingereza huko Alipore, aliona kwamba kuvigeuza vita vyote kuwa fumbo ni kulikwepa swali gumu ambalo kitabu chenyewe kinaliuliza. B. R. Ambedkar, mwana wa tabaka lililoitwa najisi, alikuwa mkali zaidi. Yeye aliiona Gita kama utetezi wa mfumo wa matabaka na wa uuaji, uliovikwa vazi la falsafa. Neno lake halipasi kupuuzwa. Aliyekatazwa kuteka maji katika kisima cha wote hapozwi kiu kwa kuambiwa kwamba kisima ni istiara.

Kisha ikaja tarehe 30 Januari 1948. Gandhi alipigwa risasi akielekea kwenye sala ya jioni, mahali ambapo beti 19 za mwisho wa sura ya pili ya Gita zilikuwa zikisomwa kwa desturi. Muuaji wake, Nathuram Godse, alipojitetea mahakamani aliwataja Krishna na Arjuna, akadai kwamba mashujaa wa kale waliua kwa ajili ya haki. Aliyeuawa na aliyeua walikuwa wasomaji wa kitabu kimoja.

Basi, wapenzi wa lugha, tuseme nini? Wepesi ungekuwa kusema kwamba fumbo ni la wema na neno kwa neno ni la waovu. Historia haikubali wepesi huo, kwa maana Tilak hakuwa Godse, na Ambedkar aliyelisoma neno kwa neno alikuwa akiwatetea wanyonge. Mimi naona jambo jingine. Anayetaka kuisoma Mahabharata neno kwa neno na aisome hadi mwisho. Kitabu cha 11 ni kitabu cha wanawake. Gandhari, mama wa wana 100, anatembea katikati ya maiti uwanjani akiwatambua mmoja mmoja, kisha anamlaani Krishna mwenyewe. Yudhishthira, aliyeshinda, hautaki ufalme alioupata. Gandhi aliliona hili: mtunzi aliyeviimba vita ndiye aliyeonyesha kwamba washindi hawakubakiwa na chochote ila majonzi. Naye anayependa kusoma kwa fumbo na ajichunge asije akawaweka Kaurava wote nje ya kifua chake. Fumbo la moyo likishageuzwa kuwa jina la jirani, limekwisha kuwa upanga.

Jambo hili si geni kwetu. Tendi zetu zimeviimba vita vya mapanga, na mtunzi wa Al-Inkishafi, akiyatazama magofu ya Pate, alichagua kusemezana na moyo wake mwenyewe. Alijua kwamba onyo linalotolewa kwa wengine ni rahisi.

Ndiyo sababu mimi humrudia Arjuna pale alipoketi, upinde ukiwa chini. Wafafanuzi wengi hupaharakisha mahali hapo ili wamfikie Krishna na majibu yake. Lakini Gita isingekuwapo kama askari yule asingetetemeka alipozitazama nyuso za aliotaka kuwaua. Mtu anayekitaja kitabu hiki bila kuwahi kutetemeka hivyo ameanzia sura ya pili ya maisha yake, na sura ya kwanza hajaisoma.