Uzushi si uvumi

Mwambie mzee wa Msambweni kwamba ujumbe ulio kwenye simu yake ni uzushi, na huenda akafikiria bidaa kwanza: jambo lililotiwa katika dini bila asili. Vijana wa Ukunda na Diani wao hulitumia neno hilo kwa picha ya kuunganishwa na sauti ya kutengenezwa. Maana zote mbili zatoka kwenye kuzua, na palipozuliwa jambo pana mzushi.

Uvumi ni mwingine. Huo huvuma tu, usijue ulianzia kinywani mwa nani. Mama wa Tiwi aliyeusambaza ujumbe kwenye kikundi cha chama huku akiuamini amevumisha, hakuzua. Anayemwita mzushi amemkosea heshima. (Watangazaji wetu huyachanganya maneno haya mawili kila siku.) Hata sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mitandao, ilipotungwa, ilitazama nia: kifungu cha 23 kilimlenga anayechapisha uongo akijua, na adhabu ilifika faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka 10.

“Habari feki” je? Feki tumelizoea kwenye viatu na simu za bei poa. Halituambii nani alijua.