Vuli ya Matinyani hutoka baharini

Reli ya Uganda ilipofika Nairobi mwaka 1899, Ukambani ilikuwa ndani ya Ngomanisye, njaa iliyosimuliwa kwa vizazi. Mvua zilikuwa zimekatika msimu baada ya msimu, sotoka ilikuwa imefyeka mifugo, na ndui ikaja kumalizia. Wakamba walizipa njaa zao majina. Ile ya miaka ya 1980 wakaiita Nikw'a Ngwete, nafa huku nimeshika: pesa zilikuwepo, chakula cha kununua hakikuwepo.

Sehemu kubwa ya kisa hiki iko baharini. Mkulima wa Matinyani, huko Kitui, hutegemea vuli ya Oktoba hadi Desemba kuliko masika. Ndiyo inayomkomazia mahindi, kunde na pojo. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakipata joto kuliko ya Sumatra, mvuke huinuka karibu nasi na mvua humwagika. Pepo na mikondo vikiyasukuma maji hayo ya joto kuelekea Indonesia, kwetu hewa hushuka na mawingu hayashiki.

Joto lilipokuwa upande wetu, mwaka 1961 mvua ilinyesha mpaka Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita moja, na mwaka 1997, El Niño ilipochangia, mafuriko yakarudi. Miaka miwili baadaye, N. H. Saji na wenzake wakaueleza mtindo huo katika jarida la Nature. Ngomanisye ilikuwa imetimiza karne.

Kuanzia mwishoni mwa 2020 La Niña, kinyume cha El Niño, ilijirudia miaka mitatu, na misimu mitano ya mvua ikashindwa mfululizo. Wakati kama huo mto hubaki mchanga mtupu. Mama hushuka ndani ya shimo refu kuliko yeye, husubiri maji yajikusanye, huchota kwa kibakuli na kuijaza mitungi polepole, punda wakingoja juu.

Bahari inazidi kupata joto, na makadirio yanaonyesha vuli za mafuriko kama ya 2019 zitakuja mara nyingi zaidi. Lakini joto la bahari hubadilika taratibu, kwa hiyo vuli hutabirika mapema kuliko masika. Kila mwaka, kabla ya Oktoba, Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wake. Kwa maoni yangu, usomwe kwa Kikamba sokoni na kwenye baraza la chifu, mkulima akiwa bado hajaamua kununua mbegu za mahindi au za mtama.