Datsun 240Z: Kulifufua na Kuliongezea Nguvu

Datsun 240Z ni gari la spoti la milango miwili na viti viwili lililoundwa na kampuni ya Nissan ya Japani. Lilizinduliwa mwishoni mwa 1969 na kufuatwa na ndugu zake, 260Z na 280Z, ambao uzalishaji wao ulikoma 1978. Nyumbani kwake liliitwa Fairlady Z, na mafundi hukitaja kizazi chote kwa jina la kiwandani, S30. Ni miongoni mwa magari ya zamani ya Kijapani yanayofufuliwa na kuboreshwa sana duniani. Afrika Mashariki inalikumbuka kwa sababu yake yenyewe: lilishinda Safari Rally mara mbili, 1971 na 1973.

Kazi ya kufufua gari hili ina utaratibu wake, na anayeuvunja hulipa mara mbili. Bodi hutangulia, zikafuata breki na miguu, na nguvu ya injini huja mwisho. Wengi huanza na injini kwa kuwa ndiyo inayosikika, kisha hujikuta na farasi wengi ndani ya bodi iliyooza.

Asili na umbo

Msukumo wa kuliunda ulitoka Marekani, ambako Yutaka Katayama aliongoza biashara ya Nissan na kudai gari zuri la spoti ambalo kijana mwenye mshahara wa kawaida angelimudu. Usanifu wa umbo uliongozwa na Yoshihiko Matsuo. Lilipofika sokoni huko, bei yake ilikuwa dola 3,526, wakati magari ya Ulaya ya hadhi hiyo yaliuzwa ghali zaidi.

Chini ya boneti refu kuna injini ya L24: silinda sita kwa mstari, sentimita za ujazo 2,393, kemshafti moja juu ya silinda hedi, na kabureta mbili za Hitachi zilizofuata muundo wa SU wa Uingereza. Ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 151 kwa kipimo cha Marekani cha wakati huo, ambacho kilipima injini ikiwa mezani bila vitu vinavyoilemea garini. Gari lenyewe lina uzito wa tani moja na ushei tu. Kila gurudumu lina mguu wake unaojitegemea, stelingi ni ya meno na fito, breki za mbele ni diski na za nyuma ni ngoma.

Kinacholifanya gari hili kuwa neema kwa fundi ni udugu wa injini zake. L24, L26 ya 260Z na L28 ya 280Z zilijengwa kwa mpango mmoja, kiasi kwamba L28 hukaa pale ilipotolewa L24 bila kukata chuma chochote. Vivyo hivyo kwa giaboksi, difu na vifaa vingi vya umeme. Kwa maana hiyo Nissan yenyewe, kwa kuendelea kuboresha matoleo ya baadaye, ilimwachia mwenye gari la mwanzo ngazi ya kupandia.

Safari Rally

Mwaka 1970 Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller walishinda Safari kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata Nissan ilileta 240Z, na wawili hao wakashinda tena. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta akiwa na Mike Doughty, naye pia katika 240Z. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta, safari hii akiwa na Lofty Drews, katika mashindano yaliyokwisha kwa pointi za adhabu sawa na za Harry Källström wa Datsun 1800 SSS. Ushindi akapewa Mehta. Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, baadaye alishinda mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, akafikisha ushindi wa mara tano.

Safari ya enzi hizo ilikimbizwa wakati wa Pasaka, majira ya mvua, katika barabara zilizokuwa tope asubuhi na vumbi mchana. Kasi peke yake haikutosha. Magari mengi yenye uwezo yalibaki njiani kwa shokapu zilizopasuka, rejeta zilizotobolewa na bodi zilizochanika kwenye maungio. Anayetaka kujua uboreshaji wa kweli unaanzia wapi hana haja ya kwenda mbali: timu ya kiwanda ililiinua gari juu, ikaimarisha sehemu zinazobeba miguu na kukinga tumbo la injini. Gari la ushindi wa 1971, namba 11, lilibaki mikononi mwa Nissan, na mwaka 2013 lilifufuliwa na kikundi cha wafanyakazi wa kampuni hiyo katika kituo chake cha kiufundi cha Atsugi.

Bodi na kutu

Adui wa kwanza wa S30 ni kutu. Bati lake ni jembamba, na miaka ile kinga ya kiwandani ilikuwa haba. Halina chesisi ya kusimama peke yake. Bodi ndiyo chesisi. Kwa hiyo tundu la kutu kwenye fito za chini ni ugonjwa wa mifupa.

Mnunuzi makini huanza na kibao kinachobeba betri, ambapo asidi iliyomwagika kwa miaka hula bati na kuteremka hadi kwenye fito ya chini. Kisha hutazama mfereji ulio chini ya kioo cha mbele: majani yakiziba matundu ya kutolea maji, maji husimama humo na kuozesha pembe ambazo hazionekani mpaka mabawa ya mbele yafunguliwe. Hufuata sakafu na fito zake, vizingiti vya milango, kona iliyo kati ya mlango na tairi la nyuma, na bati la nyuma ambapo buti hufungia. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa hutosha kumwumbua muuzaji: inapokataa kunata, hapo kuna putti na si chuma.

Vizingiti vikiwa vimeoza pande zote mbili, visikatwe kabla ya kuchomelea fito za muda kwenye nafasi za milango. Bodi isiyoshikiliwa hulegea milimita chache tu, na milimita hizo huonekana baada ya rangi, mlango unapogoma kufunga. Fundi hukata upande mmoja, huchomelea bati jipya, hupima uwazi wa mlango, ndipo anapohamia upande wa pili. Tangi la mafuta nalo lishushwe na kusafishwa ndani, maana unga wa kutu ukifika kwenye kabureta hakuna tyuni itakayoshika.

Kabla ya kukata chochote ni lazima kujua gari ni lipi. Namba zinazoanza na HS30 ni za magari ya usukani wa kulia yaliyouzwa nje ya Japani, na HLS30 ni ya usukani wa kushoto. Magari ya mwanzo kabisa yana matundu mawili ya hewa kwenye mlango wa nyuma, chini ya kioo. Haya hutafutwa sana na wakusanyaji. Mwaka 2020 moja la 1970 lililotunzwa vizuri liliuzwa mnadani Marekani kwa dola 310,000. Nadra zaidi ni Fairlady Z432 ya soko la Japani, iliyofungwa injini ya S20 ya valvu 24 kutoka Skyline GT-R na kutengenezwa magari mia nne na kitu tu. Kulichonga gari kama hilo ni uharibifu. Uboreshaji mzito ufanywe kwenye bodi za kawaida, ambazo hazipungukiwi na kitu.

Breki na miguu

Hapa kuna jambo litakalomfurahisha fundi wa Afrika Mashariki. Kalipa za pistoni nne za Toyota Hilux inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, ya miaka ya 1979 hadi 1985, hukaa kwenye miguu ya mbele ya 240Z karibu bila kubadili kitu. Kinachopunguzwa ni bati la kukinga vumbi tu. Ni njia iliyotumika duniani kote kwa miongo kadhaa, na ni ya gharama ndogo. Pampu kuu ya breki ya 240Z ina kipenyo cha milimita 22.2, na wengi huibadilisha kwa ile ya 280ZX, mrithi wa 280Z, yenye milimita 23.8 ili pedeli isizame. Pedi nzuri, mipira mipya na mafuta mapya ya breki huleta tofauti ambayo dereva huihisi siku ya kwanza.

Kwenye miguu, kazi inayowatoa mafundi jasho ni pini ndefu ya nyuma inayounganisha mkono wa chini na kikombe cha shokapu. Pini hiyo hupita ndani ya chuma cha mguu na kubanwa katikati na kipini kidogo cha kabari. Baada ya miaka hamsini hugandana kabisa. Anayeigonga kwa nyundo huponda nyuzi za ncha zake, ikazidi kunenepa na kung'ang'ania. Njia ya busara ni kutoa kwanza kipini cha kabari, kulowesha kwa mafuta ya kupenya, kupasha moto, kisha kuivuta kwa kifaa cha skrubu. Ikishindikana, hukatwa pande zote mbili kwa msumeno na kipande kilichobaki husukumwa kwa presi. Pini mpya zinapatikana. Mguu uliopasuliwa kwa hasira haupatikani kirahisi.

Bushi za poliyurethani hukaza gari vizuri, lakini si za kuwekwa kila mahali. Kwenye fito za mbele zinazozuia gurudumu lisirudi nyuma, bushi ngumu zikifungwa pande zote mbili huinyima fito nafasi ya kucheza, nayo huweza kukatika. Wenye uzoefu hubakiza mpira upande mmoja. Matairi ya awali yalikuwa membamba, 175 kwa ringi ya inchi 14; ringi ya inchi 15 yenye upana wa inchi 6 au 7 inatosha barabarani, na haigusi bawa la mbele usukani ukikatwa hadi mwisho.

Injini

Injini ya L ni ngumu kufa. Ikipata oili safi na ubaridi wa kutosha huenda masafa marefu, na ovahoo yake haina mafumbo mengi, isipokuwa moja. Cheni ya kemshafti hukazwa na tenshona iliyofichwa chini, ndani ya kifuniko cha mbele. Fundi akifungua gia ya kemshafti bila kuikamata cheni, kipistoni cha tenshona huchomoka na kuanguka, na hapo hakuna njia ila kushusha kifuniko chote cha mbele. Kwa hiyo huchongwa kwanza kabari ndefu ya mbao, ikafungwa waya kichwani na kushindiliwa katikati ya pande mbili za cheni mpaka itulie. Kiungo cha cheni na jino la gia hupakwa alama ya rangi. Kazi ikiisha, kabari huvutwa kwa ule waya.

Silinda hedi ikiwa nje, vitazamwe viti vya valvu. Hedi za mwanzo zilitengenezwa enzi za petroli yenye risasi, ambayo nchi za Kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia 2006. Viti vya chuma kigumu ni kinga ya kudumu. Pointi za distribuita nazo hubadilishwa kwa distribuita ya elektroniki ya 280ZX, na gari linaloamka kwa kusitasita asubuhi huanza kuwaka kwa mguso mmoja.

Kabureta za duara za miaka ya 1970 hadi 1972 zisidharauliwe. Zikisafishwa, zikasawazishwa ili zivute hewa sawasawa, huendesha gari vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Zile za 1973, zilizoundwa kwa ajili ya sheria za moshi za Marekani, ndizo zilizolipa gari hili sifa mbaya ya kuzimika wakati wa joto, na wenye nazo wengi hurudi kwenye za zamani.

Hatua inayofuata, na iliyo bora kwa matumizi ya kila siku, ni kufunga L28 yenye sentimita za ujazo 2,753. Nguvu huja mapema, bila kuilazimisha injini kupiga kelele. Wanaotaka zaidi huchukua krenkishafti ya injini ya dizeli ya LD28, ambayo mwendo wa pistoni wake ni milimita 83 badala ya 79, na kupanua silinda hadi milimita 89. Matokeo ni injini ya takriban lita 3.1. Zikiongezwa kabureta tatu za Weber au Mikuni, kila moja ikiwa na midomo miwili, na kemshafti kali, sauti yake haina mfano. Lakini injini kama hiyo inahitaji mafuta bora. Pistoni bapa zikikutanishwa na hedi yenye chemba ndogo, mgandamizo hukaribia au kupita 10 kwa 1, na petroli hafifu huifanya injini igonge hadi itoboe pistoni. Njia nyingine ni L28ET yenye turbo kutoka 280ZX, ambayo kiwandani ilitoa farasi 180 kwa mgandamizo wa 7.4 kwa 1 tu.

Wapo wanaofunga injini za V8 za Chevrolet au RB26 ya Skyline. Gari hukimbia kweli, lakini difu ndogo ya R180 haidumu mbele ya nguvu hizo na hubidi kufungwa R200 iliyokuja na matoleo ya baadaye, na uzito wa mbele hubadilika. Kazi hiyo ni ya kuunda gari jingine ndani ya umbo la 240Z.

Matumizi ya sasa

Gari likishapata kasi, pua yake huanza kunyanyuka na usukani kuwa mwepesi mno. Nissan ililijua tatizo hilo, ikatoa Fairlady 240ZG ya 1971 yenye pua ndefu. Marekani timu ya Peter Brock, ambayo dereva wake John Morton alitwaa ubingwa wa kitaifa wa daraja la C Production mwaka 1970 na 1971, ilitumia bati la kukinga upepo chini ya bampa. Bati kama hilo hufungwa kwa bolti na kutolewa bila kuacha kovu.

Tangu 2003 East African Safari Classic Rally imerudisha magari ya zamani katika barabara za Kenya na Tanzania, na 240Z na 260Z hushiriki humo pamoja na Porsche 911 na Ford Escort. Magari hayo huandaliwa kwa mpangilio uleule wa 1971: maungio ya bodi huchomelewa upya, miguu huinuliwa na kuimarishwa, bamba nene hufungwa chini ya injini, na ndipo kabureta hufikiwa.